Suti Nyeupe ya Kandindeti

Kuna neno moja la Kiingereza ambalo likitajwa redioni mimi huinuka nikaizima, hata kama baada yake inakuja habari ya bei ya kahawa niliyokuwa nikiingoja, na mke wangu ameshazoea, hungoja nitoke nje halafu anaiwasha tena. Neno lenyewe ni "candidate". Msimu wa uchaguzi ndio mbaya zaidi, wanalitaja asubuhi, mchana na jioni, candidate wa huku, candidate wa kule, na mimi nabaki nikizunguka shambani bila kazi. Watu hudhani nachukia siasa. Siasa haijanikosea. Ni aibu tu, na nimeibeba tangu nikiwa kijana wa miaka ishirini na mbili, basi leo wacha niitoe yote mnicheke mmalize, ingawa nawaambia mapema kwamba kicheko chenyewe hakitafika mwisho.

Uhuru ulikuwa haujafikisha miaka kumi, na mimi nilikuwa mwalimu wa Kiingereza wa shule ya msingi huko kwetu upande wa Nyeri, ukitoka Karatina unaacha lami unaanza kupanda kwenye mashamba ya kahawa. Cheti changu kilikuwa bado kinanuka wino. Na nilikuwa na ugonjwa mmoja, ugonjwa wa maneno. Nilikuwa nimenunua kamusi kubwa kwenye mnada wa mzungu mmoja aliyekuwa akiuza vyombo arudi kwao (wenzangu walikuwa wakigombania vitanda na majembe, mimi nikatoka na kitabu, mama hakunisemesha siku nzima), na kamusi hiyo haikukuambia tu maana ya neno, ilikuambia na kwao ni wapi, lilizaliwa na nani, lilipitia nchi gani kabla ya kufika kwa Waingereza. Nikawa siwezi kukaa na mtu bila kumfundisha. Nilimwambia baba yangu kwamba "window" hapo zamani lilikuwa "jicho la upepo", ati watu wa nchi za baridi huko kaskazini ndio waliliita hivyo, na baba akalitazama dirisha letu la mbao kwa muda, akasema, "Ni vizuri. Sasa funga hilo jicho, upepo unaingia."

Baba alikuwa mtu wa maneno machache namna hiyo. Wakati wa vita vya msituni alichukuliwa akawekwa kizuizini nikiwa bado mgongoni kwa mama, akarudi nikiwa naenda shule, na tangu arudi alikuwa mtu wa kukaa nyuma. Kanisani alikaa benchi ya mwisho. Kwenye mikutano ya faktori (faktori ni pale tunapopeleka kahawa kutolewa maganda na kuoshwa, na kila mkulima ni mwanachama) alisimama karibu na lango, na sikuwahi kumsikia akitoa maoni. Mambo ya kizuizini hakuyasema. Hakuna aliyeyasema pale kwetu. Wazee walikuwa wakianza kuongea na mtoto akitokea wananyamaza, na wakubwa wa serikali walishasema tusahau yaliyopita tulime, basi tukalima.

Nakumbuka kitu kimoja tu, na kama ningekuwa na akili kingenitosha. Nikiwa mdogo nilijitumbukiza kichwa ndani ya gunia nikawa nawafukuza dada zangu uani, mchezo wa watoto wote, na mama akatoka jikoni na mwiko akanichapa mpaka mwiko ukavunjika, halafu akakaa chini akalia yeye. Sikuambiwa sababu. Nilidhani ni kwa ajili ya vumbi.

Sasa mwaka huo nafasi moja kwenye kamati ya faktori ikawa wazi. Mzee Gichuki, jirani yetu wa ng'ambo ya mto, alikuwa anaitaka, lakini wengi wakasema mwalimu asimame, tupate mtu anayeweza kuongea Kiingereza na wale wa ofisi za Nyeri mjini. Mimi ningekataa. Lakini baba alisikia, akaja nyumbani kwangu akasimama mlangoni na kofia mkononi.

"Ati utasimama?"

"Sijui, Baba. Wewe unaonaje?"

"Simama," akasema. "Mimi nimekaa nyuma ya kutosha. Nataka nikuone mbele." Akageuka kwenda, halafu akarudi hatua moja. "Na hiyo siku ya laini, mimi ndiye nitakuwa wa kwanza nyuma yako. Usiangalie nyuma. Jua tu ni mimi."

Siku hizo hatukuwa na karatasi za kura. Anayegombea alisimama mbele, wanaomtaka wakapanga laini nyuma yake, na ofisa wa ushirika akapita akihesabu vichwa, hakuna siri, kijiji kizima kinaona nani anakupenda na nani anakupikia chai tu. Kwa hiyo baba kusema atasimama wa kwanza, mbele ya watu wote, yeye aliyekuwa akijificha langoni, hilo halikuwa jambo dogo. Nililala nikiwaza hilo tu. Nilijiambia hata nikishindwa, sitamwaibisha.

Watu wakaanza kuniita kandindeti. "Kandindeti, umeamkaje?" Nami neno nililijua vizuri, ndivyo nilivyowaita wanafunzi wangu wa darasa la saba, maana kwa Kiingereza anayefanya mtihani, anayeomba kazi na anayeomba kura wote ni candidate, wote wanangoja kuambiwa wamefaa ama hawakufaa. Lakini kwao ni wapi? Nikafungua kamusi, na hapo ndipo nilipopotea. Ikaniambia kwamba Warumi wa kale walikuwa na neno lao la Kilatini, candidus, yaani nyeupe, nyeupe ile ya kung'aa, na mtu akitaka cheo kule Roma alijifunga shuka jeupe, tena akalipaka chaki lizidi kuwaka, akapita sokoni watu waone kwamba hana doa. Kwa hiyo wakamwita candidatus, aliyevikwa nyeupe. Nikasoma tena na tena. Nikajiambia, Wachira, wagombea wote wa nchi hii wanaitwa kwa jina la nguo ambayo hawana, wewe peke yako ndiye utakayeivaa. Ndiyo hiyo. Huo ndio uamuzi mdogo ulioniletea aibu yote.

Jumamosi nikateremka Karatina kwa duka la Mhindi mmoja, mzee mpole aliyewajua wateja wake mpaka watoto wao, nikaomba kitambaa cheupe pe cha kutosha suruali na koti. Akaweka mkasi chini. "Pole sana, mwalimu," akasema. "Nani ametuacha nyumbani?" Nikamwambia hakuna msiba, nikamweleza habari ya Warumi na chaki na yote, naye akasikiliza kwa adabu huku akipima, mwisho akasema kwao nyeupe huvaliwa na mjane, lakini mwalimu ni wewe. Fundi wa cherehani pale barazani akauliza nataka ya mpishi ama ya daktari wa ng'ombe, kwa sababu hizo mbili ndizo alizowahi kushona. Unaona? Nilikuwa nikiambiwa waziwazi nguo nyeupe inasema nini kwa watu wa kwetu, na mimi nilikuwa nasikiliza watu wa Roma.

Siku ya mkutano nilivaa. Raba zangu nilikuwa nimezipaka chaki ya shule (Mungu anisamehe, ilikuwa ya darasa la pili), na kwa vile Warumi walipaka na shuka, nikapaka na koti, mabegani na kifuani. Mama, ambaye alikuwa amepita kunichukua twende pamoja, alinitazama kutoka juu mpaka chini.

"Wachira, hiyo ni nguo ya kuenda nayo kwa matope?"

Alikuwa na haki. Ilikuwa katikati ya mvua ndefu, na udongo wetu mnaujua, mwekundu, unashika hata kitu kilichotundikwa. Nikamwambia atangulie. Baba alikuwa ameenda kitambo, amenyoa ndevu, amevaa koti aliloazima kwa ndugu yake, na mama akasema amekunywa chai akiwa amesimama kwa haraka ya kuwahi mbele. Sijawahi kusikia habari iliyonifurahisha hivyo.

Nilipofika karibu na faktori manyunyu yakaanza. Si mvua, manyunyu tu, lakini chaki haijui tofauti, ikaanza kuteremka kwenye koti kwa michirizi ya maziwa, na raba zikawa tayari rangi ya matofali. Nikakimbia nikaingia kwa mlango wa nyuma wa stoo. Humo mlikuwa na magunia mapya ya kahawa yamepangwa mpaka juu. Kwetu mtu akinyeshewa huchukua gunia akalikunja kona moja ndani ya nyingine, akalivaa kichwani kama kofia ndefu, uso uko wazi, hata siku hiyo nusu ya watu uwanjani walikuwa wamevaa hivyo. Lakini hiyo huacha kifua nje, na kifua changu ndicho kilichokuwa na Roma yote. Basi nikachukua gunia kubwa nikaligeuza mdomo chini nikajivika lote, kutoka kichwani mpaka magotini, na kwa sababu ndani kulikuwa giza nikatoboa matundu mawili ya macho kwa kisu changu cha kuchongea penseli.

Na hapo ndani ya gunia, nikiwa nimesimama natoa jasho, nikapata wazo lingine (hayo ndiyo mabaya, wazo la pili likilifuata la kwanza). Nikasema nitatoka hivi hivi nimefunikwa, nisimame mbele yao wote wakishangaa ni nani, halafu nilivue mara moja nitokee mweupe kama hindi linapomenywa. Watahadithia mpaka Kutus. Kwa hilo sikukosea.

Nikasikia ofisa wa ushirika akiita, "Mwalimu Wachira yuko wapi?" Ofisa huyo alikuwa kijana kama mimi, mgeni, aliletwa kwetu kutoka upande wa Doldol, mambo ya ng'ombe aliyajua kuliko ya kahawa. Alikuja na askari wawili wa chifu wa kulinda amani, wameshika bunduki zao, wamesimama pale mbele na nafasi katikati yao. Nikatoka stoo, nikaenda nikasimama kwenye ile nafasi.

Wanafunzi wangu waliokuwa wamepanda ukuta ndio walioanza kucheka, na ofisa akacheka, na mimi ndani nikacheka. Halafu kicheko kikakatika. Hakikupungua kidogo kidogo, kilikatika, kuanzia kwa wazee waliokuwa mbele kikaenda kikifika nyuma, mpaka nikawa nasikia manyunyu yakigonga mabati. Nikasema moyoni, nimewapata, sasa wanangoja. Kwenye matundu yangu nikatafuta uso wa baba, nikauona, mstari wa mbele kabisa kama alivyoahidi, na lile koti la kuazima limefungwa vifungo vyote. Mikono yangu ilikuwa ndani, singeweza kumpungia, na mdomo ulikuwa umejaa nyuzi za gunia. Basi nikamtikisia kichwa. Polepole, mara moja, kumwambia, Baba, nimekuona.

Fimbo yake ikaanguka. Akachuchumaa papo hapo kwenye matope, akaweka mikono yote miwili kichwani. Hakuanguka na hakuwa mgonjwa, alichuchumaa kama mtu anayefanya kitu alichokifanya mara nyingi. Mzee aliyekuwa kando yake akachuchumaa pia. Na mwingine nyuma yao. Mwanamke mmoja akajifunika uso kwa leso akaanza kurudi nyuma kuelekea langoni.

Mimi (mjinga wa kusomeshwa) nikadhani baba ameshikwa na kitu moyoni, nikamkimbilia, gunia na yote, nikainama mbele yake. Akainamisha uso mpaka magotini. Akasema kwa sauti ndogo, sauti ambayo sikuwa nimewahi kuisikia nyumbani kwetu, "Si mimi, bwana. Si mimi."

Aliniita bwana. Baba yangu.

Kabla sijafungua mdomo kitu kikanipiga mgongoni, kikanipiga tena, na ilikuwa mama, amevua kiatu chake cha plastiki, ananichapa nacho huku mkono wa pili unavuta gunia. "Toa. Toa hiyo kitu." Gunia likatoka. Nami nikatokea, kama nilivyopanga, mbele ya watu wote na darasa langu la saba lote, suti ina michirizi ya chaki na vumbi la gunia, na mama yangu anamchapa mwalimu kwa kiatu na kusema, "Huyo ni baba yako. Huyo ni baba yako." Hakuna aliyecheka. Ningelipa kitu chochote mtu mmoja acheke.

Alipochoka alinishika koti akanivuta kando ya mfereji wa kuoshea kahawa, akaniambia yote kwa mara ya kwanza, kwa haraka, bila kunitazama.

"Hapa ndipo wazungu walikuwa wanakusanya watu wakati wa vita, kabla faktori haijajengwa. Wanaume wote wanapangwa laini. Halafu analetwa mtu amevikwa gunia mpaka magotini, macho tu, askari huku na askari huku. Haongei. Anapitishwa mbele ya laini, na akikutikisia kichwa, umeenda. Tulimwita Gakunia, kijigunia. Alimtikisia baba yako."

"Alikuwa nani?"

"Nani angejua? Alikuwa amefunikwa." Akavaa kiatu chake. "Pengine alikufa. Pengine ni huyo unayemsalimia kila Jumapili. Ndio sababu hatusemi, na ndio sababu baba yako hakai mahali ambapo mtu anaweza kumwona kutoka nyuma."

Nikarudi kwa baba. Walikuwa wamemwinua, mtu mmoja anampangusa koti kwa majani ya mgomba. Nikasema, "Baba, ni mimi. Ni Wachira." Macho yake yalinipita. Nikajaribu kumshika mkono na mkono ukawa mzito, haukunikataa wala haukunishika.

Ofisa maskini hakuelewa lolote, aliona mvua inakuja na kazi haijaisha. Akapiga makofi akasema kwa sauti, "Haya, wazee, tumalize. Wagombea mbele. Wengine, pangeni laini."

Mzee Gichuki akaenda akasimama. Na mimi nikaenda, kwa sababu sikujua mahali pengine pa kwenda. Nikainamisha kichwa nikazitazama zile raba. Nikasikia miguu, miguu mingi, inapita upande wangu inaenda kwa Gichuki, hawasukumani, hawaongei, walimu wenzangu nao wamo, na majirani waliokuja kunibembeleza nisimame nao wamo, na sauti ya mama sikuisikia upande wowote. Sikuwalaumu. Ningekuwa wao ningeenda huko pia.

Halafu nikasikia pumzi nyuma yangu.

Alikuwa ameniambia nisiangalie nyuma. Niliangalia. Baba alikuwa amesimama hapo peke yake, wima, visigino pamoja, mikono imenyooka ubavuni, macho yametazama chini. Ofisa akapita laini ya Gichuki akihesabu mpaka langoni, akachukua muda, kisha akaja kwangu, akagusa hewa juu ya kichwa cha baba na kalamu. "Moja," akasema.

Tulirudi nyumbani watatu, mama katikati. Ile suti mama aliitia jikoni chini ya chungu na ilichelewa kushika moto kwa sababu ya unyevu. Kamusi niliipeleka shule nikaiacha huko, na kuanzia hapo mwanafunzi akiniuliza neno maana yake nini namwambia maana na naishia hapo, habari ya lilitoka wapi sisemi, maana najua lile moja lilitoka Roma, na sikujua baba yangu alitoka wapi. Sijagombea kitu tena, hata uweka hazina wa kikundi cha mazishi, na gunia siliachi likae uani kwangu limefunguliwa mdomo.

Baba aliishi miaka mingi baada ya hapo. Tulilima pamoja, tulikula pamoja, alinizungumzia habari za ng'ombe na mvua, na benchi yake ya mwisho kanisani hakuiacha. Nilikuwa na nafasi ya kumuuliza kila siku na kila siku niliiacha ipite, mpaka tukamzika. Kwa hiyo sijui, na sasa sitajua, kama pale uwanjani alikuja kunitimizia ahadi yake, au alisikia tu mtu akisema pangeni laini, akapanga.